Ugomvi wa Ciakuthii na Kuku

Miaka ile, baada tu ya Uhuru, mtu aliyetoka Ruiri akipandisha kuelekea Kibirichia alilisikia boma la Kaberia mhunzi kabla hajaliona. Kwanza nyundo. Halafu mivukuto, ile mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, ikihema kwa zamu. Na juu ya yote hayo, sauti ya mke wake Ciakuthii akigombana na kuku.

"Shii! Toka hapo! Kuku gani hawa hawasikii!"

Watu walicheka. Walisema mwanamke yule amejaliwa kila kitu, mume fundi, shamba la viazi, binti yao Gacheri aliyeolewa na mwalimu, ila Mungu alisahau kumpa subira na kuku. Wengine waliuliza kwa nini asiwachinje tu yakaisha. Na wale wenye kuchungulia mambo ya watu waligundua kwamba mara nyingine alizipiga kelele zake hali kuku wote wako nyuma ya nyumba, wanaoga vumbi. Wakasema basi, kichwa kimeanza kuzeeka kabla ya miguu.

Wacha waseme. Kichwa cha Ciakuthii kilikuwa kizima kuliko vyote vilivyokuwa vikitikiswa kwa ajili yake.

Boma la mhunzi halikuendeshwa kama maboma mengine. Mwenye kutaka jembe alikuja na chuma chake, mara nyingi kipande cha springi ya lori, na makaa yake mwenyewe, akaketi akavuta mivukuto hadi kazi iishe. Ndiyo ilikuwa desturi. Usingemkuta mteja amekunja mikono pale kwa Kaberia. Hata chifu mdogo aliwahi kuvuta mivukuto hadi shati likamshika mgongoni. Majembe ya watu yalilala nje, chini ya ukuta, na hakuna aliyeyagusa, maana neno la mhunzi aliyekasirika lilikuwa likiogopwa kuliko askari. Na moto ukiwashwa, mwanamke hakuvuka kizingiti cha kiwanda. Wazee walisema chuma kikimwona mwanamke huona haya, na chuma chenye haya hupasuka.

Ciakuthii alikuwa Mkristo, tena wa kuimba kwaya, lakini heshima si utumwa. Hakuvuka. Aliweka jiwe lake la kukalia nje, mkabala na mlango, akaweka ungo wa maharagwe mapajani, na kutoka pale akawa anaona kila kilichotendeka ndani. Alikaa hapo tangu alipoolewa. Alimwona mumewe akikua kutoka kijana mwenye papara hadi fundi ambaye mkono wake haukurudia pigo.

Sasa, kufua chuma ni jambo moja na kukitia ugumu ni jingine. Kufua ni nguvu na sikio. Kutia ugumu ni jicho. Fundi hukipasha chuma moto hadi kiwe chekundu, akachovya ncha peke yake majini, akaitoa haraka, akaisugua juu ya jiwe ing'ae. Joto lililobaki nyuma huanza kurudi kwenye ncha polepole, na rangi hutembea nalo: kwanza ya bua kavu la mahindi, kisha ya asali, kisha ya zambarau, kisha buluu. Ikifika ya asali, chovya chuma chote. Ukiwahi, chuma kitakuwa kigumu cha kuvunjika kama kigae. Ukichelewa, kitapinda kama mshumaa. Nafasi yenyewe ni fupi, na haikungoji.

Ciakuthii ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba Kaberia haioni tena rangi ya asali.

Moto ulikuwa umemla macho kidogokidogo. Mtu alimwona, nyundo aliiona, njia ya kwenda kanisani aliijua. Lakini rangi zilikuwa zimechujuka machoni pake, zote zikawa jivu moja. Siku moja panga alilomtengenezea jirani lilipasuka katikati kwenye mti wa kwanza. Kaberia akalipokea, akaligeuzageuza, akasema springi ile ilikuwa mbovu, akamfanyia jingine bure. Ciakuthii aliiona ile springi. Haikuwa mbovu. Aliuona pia mkono wa mumewe usiku ule ukipapasa kikombe kilichokuwa mbele yake, akajisikia kama mtu aliyemkuta mzee wake uchi.

Kesho yake akakaa kwenye jiwe lake. Ndani, mteja akivuta, Kaberia alikuwa ameinamia panga jipya, rangi zinatembea, naye anazikodolea macho kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Rangi ya asali ikafika. Ciakuthii alitaka kupiga kelele, lakini apige kelele gani mbele ya mgeni? Amwambie mhunzi mbele ya mteja wake, "chovya"? Hapo hapo kuku mmoja akapita karibu na ungo, maskini, bila kosa lolote.

"Shii!" Ciakuthii akamkaripia kwa sauti ya kuamsha kijiji. "Toka hapo!"

Kaberia alishtuka. Akachovya. Na panga lile likatoka zuri, la kukata mti mgumu wa mlimani na kubaki na makali.

Siku iliyofuata, ilipofika rangi ya asali, Ciakuthii akafukuza tena kuku. Kaberia akachovya tena. Siku ya tatu Ciakuthii aliona kwamba mumewe, ncha ikishang'ara, hakuwa tena akiitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa mlango, anasikiliza.

Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea mwaka baada ya mwaka. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini hapa hata mtungi na kata hawakuwa wameambiana. Kaberia hakuwahi kusema, "Sioni." Ciakuthii hakuwahi kusema, "Najua." Walikula pamoja, walisali pamoja, walipalilia viazi pamoja, na jambo kubwa kuliko yote nyumbani mwao likakaa katikati yao bila jina. Wewe mwenye ndoa ya kupigizana kelele kila jioni, fikiria upendo wa namna hiyo, halafu nyamaza kidogo.

Kisha ukaja mfereji.

Watu wa upande wa chini walikuwa wamechoka kunywa maji ya kubebwa na punda. Wakaunda kamati, wakaanza kuchimba kwa harambee mfereji wa kuteremsha maji kutoka mtoni kule juu. Wanaume walichimba, wanawake walibeba udongo na mawe kwa karai. Kazi ikaenda vizuri hadi ilipokutana na mwamba. Mwamba wenyewe ulikuwa umekaa katikati ya njia kama ng'ombe aliyekataa kuinuka, na matindo ya kununua dukani, zile patasi za kupasulia mawe, yalirudi kutoka kwake yamekunjika pua.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Kithinji, mwenye duka, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alifika kwa Kaberia amefurahi kama mtu anayeleta zawadi.

"Fundi, tumekubaliana kamati nzima," akasema. "Hatutaki wewe ukae huku mbali na sisi tunapanda tukishuka na matindo. Tutakujengea kiwanda hapo hapo kwa mwamba! Mzee Mukiri atakisimamia mwenyewe, vile ilikuwa inafanywa zamani."

Ciakuthii, pale kwenye jiwe lake, aliacha kuchambua maharagwe. Mzee Mukiri alikuwa mzee wa mila aliyeheshimika kote, na kila mtu alijua zamani ilikuwa inafanywa vipi. Moto wa mhunzi ukiwashwa nje ya boma lake, huzungushiwa ua wa matawi mabichi, na mwanamke hakaribii. Walikuwa wamefikiria kumpa Kaberia heshima kubwa kuliko zote wanazozijua. Kumbe wanamchimbia kaburi.

Kaberia angekataa vipi? Aseme nini? "Ni heshima kubwa," akajibu, na sauti yake ilikuwa nzito.

Jioni ile Ciakuthii alimpa chakula, akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Baba Gacheri, si uwaambie tu walete matindo hapa? Hapa umezoea."

"Wameshaamua."

"Mtu anaweza kuamua mara mbili."

"Mama Gacheri," akasema, "kula." Lakini yeye mwenyewe hakula.

Siku yenyewe watu walijaa pale mwambani kama siku ya mnada. Ciakuthii alikuja na wanawake wenzake, karai kichwani. Ua ulikuwa umesimama tayari, wa matawi mabichi, mnene. Mzee Mukiri alikuwa ameyakata kwa mkono wake alfajiri, na panga lake lilikuwa likining'inia kiunoni bado lina utomvu. Juu ya ua moshi ulipanda. Nyundo ya Kaberia ikaanza kulia, na kila aliyeisikia alijua kwamba mkono ule haujapungua kitu.

Mzee Mukiri akapanda juu ya jiwe, akawakumbusha watu neno jingine la zamani. "Tindo la kwanza," akasema, "anayeshika si yule amenunua. Ni yule ametengeneza. Fundi atashika kwa mkono wake, na Bundi atapiga nyundo. Hivyo ndivyo baba zetu walijua kama chuma ni cha ukweli."

Watu wakapiga makofi. Bundi, kijana mwenye mabega ya fahali, akainua nyundo yake kubwa, wakamshangilia. Ciakuthii hakupiga makofi. Alikuwa amewahi kumwona mvunja kokoto ambaye tindo lililokuwa gumu kupita kiasi lilimrukia usoni likamtoa jicho. Kaberia angeshika tindo asilojua lilivyo, uso wake juu yake, na ule mwanga mdogo aliobakiwa nao ungeweza kwenda kwa pigo moja. Mwanga huo, na jina lake pia.

Akatua karai, akaenda penye ua. Mzee Mukiri akamkinga kwa fimbo, bila ukali.

"Wapi, mama?"

"Nampelekea mzee wangu maji ya kunywa."

"Weka hapo, atapelekewa. Moto unawaka, unajua."

Akaweka maji. Hakuondoka. Kutoka ndani akasikia ncha ya kwanza ikichovywa, ule mlio mfupi wa chuma na maji, kisha chuma kikisuguliwa juu ya jiwe. Sasa rangi zilikuwa zinatembea. Alijaribu kuchungulia, akaona majani tu. Akafungua kinywa chake. Angeweza kupiga kelele. Kuku hakukuwa na hata mmoja, lakini nani angeshangaa, na wote walikwisha kumzoea? Neno likamfika ulimini, likamkwama. Maana hakuwa anaona. Kupiga kelele bila kuona ni kumdanganya, na Kaberia angemwamini. Angechovya papo hapo. Katika miaka yote ile hakuwahi kumpa kelele ya uongo.

Akafunga kinywa.

Ndani, kimya. Kimya kikawa kirefu. Kisha Kaberia akasema, "Vuta," na mivukuto ikahema tena. Alikuwa amelirudisha tindo motoni. Mlio wa maji. Jiwe. Kimya. "Vuta." Mara ya tatu watu wakaanza kunong'ona. Kithinji akauliza kwa sauti ya kuchekesha kama fundi amesahau kazi, wala hakuna aliyecheka.

Kisha nyundo ikawekwa chini. Watu wote waliisikia ikiwekwa.

"Mama Gacheri," sauti ya Kaberia ikatoka ndani ya ua. "Uko hapo?"

"Niko."

"Huoni?"

Pale, mbele ya kamati, mbele ya kwaya nzima, mbele ya mwamba, ndipo walipoanza mazungumzo waliyoyakwepa miaka yote.

"Sioni, Baba Gacheri. Wameweka matawi."

Kaberia akatoka. Alisimama mlangoni pa ua, koleo mkononi, akageuza uso wake kuelekea watu, na safari hii hakujitahidi kuonekana kama anayewaona.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Mimi nisingoje kifo. Sikilizeni. Macho yangu yameisha. Chuma nakifua kwa sikio, na sijashindwa. Lakini rangi sioni. Sijaona rangi tangu ule mwaka mvua ilikataa. Anayeona ni huyu. Yeye anakaa nje, anapiga kelele, mimi nachovya. Mlidhani ni kuku."

Akainua koleo kuelekea walikosimama wanaume.

"Kwa hivyo, wenye panga nililotengeneza tangu kelele hizo zianze, angalieni viuno vyenu. Makali hayo ni jicho la mwanamke. Kama kuna lililopasuka, mwenyewe aseme sasa."

Wanaume walitazama viuno vyao. Wengine walichomoa mapanga wakayatazama kama ndiyo mara ya kwanza wanayaona. Ilikuwa raha kuwaona, watu wazima, wenye ndevu, kila mmoja akitafuta kwa kidole gumba ufa ambao haukuwepo. Na macho ya wote, polepole, yakamwendea Mzee Mukiri.

Mzee alichomoa lake. Alilitazama upande huu, akalitazama upande ule. Alikuwa amelipata kwa Kaberia msimu wa mavuno uliopita, na hakuna siku aliyoacha kulisifu. Panga hilo ndilo alilokatia matawi ya kumzuia Ciakuthii.

"Wazee walisema chuma kitapasuka," akasema mwishowe. "Hiki hakijapasuka. Mnataka mimi nibishane na chuma?"

Akaugeukia ua wake mwenyewe, akaukata. Pigo moja, pigo la pili, matawi yakaanguka, na njia ikawa wazi. Mtu anaweza kuishi miaka mingi asipate nafasi ya kufanya jambo la kiungwana kama lile. Mukiri alipata, na hakuichezea.

Ciakuthii akaingia. Akasimama karibu na mumewe, karibu kuliko alivyowahi kusimama moto ukiwaka, na joto likampiga usoni. Tindo likatoka motoni jekundu. Ncha majini, kisha juu ya jiwe. Akainama. Bua la mahindi. Bado. Linakolea. Bado kidogo.

"Sasa," akasema.

Kaberia akachovya.

Walipoufikia mwamba, Kaberia akanyoosha mkono alishike tindo, maana ndiyo desturi. Ciakuthii akaliondoa mbele yake taratibu, kama mama anavyomwondolea mtoto kisu.

"Mzee Mukiri amesema anayeshika ni aliyetengeneza," akasema. "Hili tumelitengeneza wawili. Wewe ulifua, na hakuna mtu amesema hujui kufua. Swali ni rangi. Rangi ni yangu."

"Mama Gacheri..."

"Rangi ni yangu, Baba Gacheri."

Akapiga magoti juu ya jiwe, akakaza leso kiunoni, akaisimamisha ncha ya tindo mahali Kithinji alipochora kwa chokaa. Bundi alimkaribia na nyundo yake, akasimama, akaishusha.

"Mimi siwezi," akasema, na mabega yote yale yakaonekana madogo. "Nikikosea je? Huyu ni mama."

"Bundi," akasema Ciakuthii, "nyumbani kwenu mnachota maji wapi?"

"Kwa punda, mama. Mtungi ukiisha tunangoja."

"Basi piga. Ukipiga kidogo kwa huruma ndiyo utaniumiza."

Bundi akavuta pumzi, akainua. Wanawake waliziba macho. Ciakuthii hakuziba yake. Aliitazama ncha, na nyundo ikaja na uzito wake wote, na sauti yake ikagonga upande wa pili wa bonde ikarudi. Mikono ya Ciakuthii ikafa ganzi hadi mabegani. Unga mweupe ukaruka. "Tena," akasema, na Bundi akapiga tena, na tena, naye akilizungusha tindo kidogo baada ya kila pigo kama alivyokuwa amewaona wanaume wakifanya, hadi mwamba ukatoa mlio mwingine, mlio wa ndani, na kipande chenye ukubwa wa mbuzi kikajitenga na wenzake kikabiringika bondeni.

Kelele zilizopigwa pale zilisikika hadi Ruiri, au ndivyo Kithinji alivyokuja kudai.

Katikati ya kelele hizo Kaberia alikuwa amesimama peke yake, mikono mitupu, uso umeelekea mahali ambapo mkewe alipaswa kuwa. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa amehesabu mapigo kwa moyo wake. Bundi alilichomoa tindo, akataka kumkimbizia mhunzi alikague, kisha akasita, akampa Ciakuthii.

Ciakuthii akaifuta ncha kwa leso. Akaitazama vizuri, bila haraka, watu wote wakingoja neno lake.

"Iko sawa," akasema kwa sauti. "Haina hata alama. Baba Gacheri, umesikia? Iko sawa."

"Nimesikia," akasema Kaberia.

Machozi yalimtoka mbele za watu, yakashuka hadi ndevuni, na hakusingizia moshi.